Chapo au Mandazi? Hesabu Inayoongeza Soo Tatu Kwa Unga Ule Ule

Wasee wengi wa vibanda hupika kwa mazoea tu, na kuna ganji inawapita kila siku.

Tuseme mathe ana unga kilo 12 na mafuta lita 3, basi. Kilo moja ya unga inatoa chapo 10 za mbao, yaani 200 bob, na inakula mafuta mililita 200. Kilo hiyo hiyo ikiwa mandazi inatoa 30 ya ashu, 300 bob, lakini mandazi yanakunywa mafuta kama matatu ya zamani: mililita 400.

Apike mandazi pekee? Mafuta yanaisha akiwa kilo 7.5. Ameshika 2,250 na unga mwingine umekaa tu. Chapo tupu zinaleta 2,400, ila mafuta mililita 600 yamebaki.

Sasa cheki hii. Kila kilo unayotoa kwa chapo ukapeleka mandazi inaongeza soo moja na kula mafuta mililita 200 zaidi. Yaliyobaki ni 600, so unahamisha kilo 3 halafu unasimama. Chapo kilo 9, mandazi kilo 3: unga na mafuta vinaisha pamoja, na mfukoni kuna 2,700.

Hii ndio linia programingi, ile topiki ya Form Four ya kuchora mistari na kupaka kivuli ambayo wengi tuliombea isitokee KCSE. Mrusi Leonid Kantorovich aliianza 1939 akisaidia kiwanda cha plaiwudi kugawia mashine kazi, na 1975 akashinda Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

Utamu wenyewe uko kwa kununua. Mathe akiwa na pesa kidogo, aongeze nini? Kilo moja ya unga inaleta soo moja tu juu. Lita moja ya mafuta inaleta soo tano, kwa sababu kilo 5 zinahama kutoka chapo kwenda mandazi. Kama dukani lita haifiki hiyo bei, akimbie.

Lakini wateja wakimaliza mandazi 60 pekee kwa siku, mambo yanageuka. Mandazi kilo 2, chapo kilo 10, jumla 2,600, na mafuta yanabaki mililita 200. Hapo lita ya ziada ni ya kukaa tu kwa shelfu. Kilo moja ya unga ndiyo dili sasa: chapo 10 zaidi, soo mbili.