Kodi ya Majengo na Maji ya Mvua: Je, Mwenye Nyumba Apunguziwe?



Kila masika na vuli, maji hushuka kwa kasi kutoka vilima vya mawe vya jiji la Mwanza. Hubeba udongo, takataka na uchafu wa vyoo vilivyofurika hadi mto Mirongo, na kutoka hapo huingia Ziwa Victoria. Wanaoumia zaidi ni wakazi wa bondeni, kama wale wa Mabatini. Lakini maji hayo huanzia juu, kwenye mapaa ya bati na nyua zilizosakafiwa. Ndiyo maana linazuka swali: mwenye nyumba anayeyazuia maji kwake, je, apunguziwe kodi?

Wenzetu wanafanyaje?

Mjini Berlin, Ujerumani, tangu mwaka 2000 ada ya maji ya mvua hutozwa kwa kila mita ya mraba ya paa au sakafu inayomwaga maji kwenye mfereji wa jiji. Anayeyaacha yazame kwenye bustani yake haitozwi kwa sehemu hiyo. New York, Marekani, ilipitisha mwaka 2008 punguzo la kodi ya jengo kwa anayepanda mimea juu ya paa.

Na hapa kwetu?

Kodi yetu ya majengo haiangalii maji yanakwenda wapi. Tangu Agosti 2021 imekuwa ikikatwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Hata ikisamehewa yote, fedha hiyo hainunui simtanki la lita 1,000, gata na kumlipa fundi. Tena katika nyumba za kupanga, mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji, ambaye hana uamuzi juu ya paa. Punguzo lingekuwa shukrani nzuri, lakini mwenye kipato kidogo anahitaji kwanza mtaji wa kuanzia.

Msamaha tulio nao tayari

Nyumba za ibada zimesamehewa kodi ya majengo. Hebu tupige hesabu: paa la kanisa lenye mita za mraba 400, ikinyesha mvua ya milimita 20, humwaga lita 8,000. Tusipoyavuna, jirani aliye chini yetu ndiye anayeyapokea. Tumesamehewa ili tuwahudumie watu. Haifai maji yetu yambomolee jirani ukuta.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia:

1. Zianze na paa la kanisa: gata, tanki lenye mfuniko dhidi ya mbu, na njia salama ya maji yanayozidi.
2. Zipande majani na miti kwenye miteremko, na kuchimba mashimo ya kunyonya maji penye udongo wa kutosha, mbali na vyoo na misingi ya nyumba.
3. Zianzishe mfuko wa kukopeshana matanki kupitia jumuiya ndogo ndogo.
4. Zipeleke hoja ya punguzo kwa diwani, zikiwa na kazi ya kuonyesha.

Kwa wafadhili wetu: tanki moja mlimani humsaidia mwenye nyumba kupata maji, na humpunguzia mafuriko jirani wa bondeni. Mchango wenu unafika nyumba mbili.