Ujira wa Mhakiki

Alipofariki Leslie Stephen, mwanachuoni maarufu wa Uingereza, mwezi wa Februari 1904, alimwacha binti wa miaka 22 ambaye hakupelekwa Cambridge kama ndugu zake wa kiume, bali aliyeruhusiwa kusoma apendavyo katika maktaba ya baba yake. Binti huyo, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Virginia Woolf, alikaa miaka zaidi ya kumi kabla ya kuchapisha riwaya yake ya kwanza, na muda wote huo alikuwa akihakiki vitabu vya wenziwe kwa ujira.

Mlango alioingilia haukuwa wa fahari. Sahibu yake, Violet Dickinson, alimjulisha kwa Bibi Lyttelton, mhariri wa kurasa za wanawake katika The Guardian, gazeti la kila juma la makasisi wa Kianglikana, wala si lile la Manchester. Na humo, Desemba ya mwaka ule ule, ukatoka uhakiki wake wa riwaya ya Mmarekani W. D. Howells, pasipo jina lake. Wako vijana wenye kipaji wanaolidharau gazeti dogo wakingojea kubwa liwaite. Nasikitika kuwaona hivyo, kwa kuwa mhariri, kabla ya kumwamini mtu asiyemjua, hutaka kwanza kuona alichokwisha kuchapisha.

Mwaka 1905 alipokewa na Times Literary Supplement, gazeti ambalo hadi 1974 halikutia majina ya wahakiki wake, na ambalo mhariri wake, Bruce Richmond, hakuona haya kumrudishia kazi isiyomridhisha. Virginia hakununa akaacha, bali aliendelea kumwandikia kwa miaka mingi, na Richmond alipostaafu, Virginia aliandika katika shajara yake kwamba kwa mhariri huyo alijifunza kufupisha maneno, kuyatia uhai, na kusoma kwa makini akiwa na kalamu na daftari mkononi. Elimu ya namna hiyo, ambayo mwanafunzi hulipwa badala ya kulipa, ni adimu mno.

Ama fedha yenyewe, alihadithia katika hotuba ya 1931 kwamba ujira wake wa kwanza ulikuwa pauni 1, shilingi 10 na peni 6, akanunulia paka wa Kiajemi. Naye alikiri waziwazi kwamba hakuwa na haja ya kununulia mkate. Mwenye kutegemea kalamu peke yake, basi, na apatane na mhariri juu ya malipo kabla ya kukifungua kitabu, na asiache shughuli nyingine impayo riziki.

Mwaka 1939 Virginia alitoa rai kwamba mhakiki aache magazeti, amshauri mwandishi faraghani kwa ada, mfano wa tabibu na mgonjwa wake. Mumewe, Leonard, aliambatisha maelezo ya kumpinga, nami niko upande wa Leonard, kwani msomaji aliye dukani na fedha chache mkononi anastahiki naye kuambiwa kitabu kipi kinafaa.