Uzito, Tungamo na Densiti

Miongoni mwa maneno yanayowapa taabu wafasiri wa maandishi ya sayansi ni neno "uzito". Katika mazungumzo ya kila siku neno hili hubeba dhana tatu. Twasema gunia ni zito, yaani ni kazi kulinyanyua. Twasema uji ni mzito, yaani hautiririki upesi. Tena twasema chuma ni kizito kuliko mbao, yaani vipande vilivyolingana kwa ukubwa vikipimwa, cha chuma kitazidi. Sokoni dhana hizo hazigongani. Katika sayansi hapana budi zitengwe, kila moja ipewe jina lake.

Istilahi zinazohusika ni hizi:

(a) Tungamo: kiasi cha mata kilichomo katika kitu. Hupimwa kwa gramu au kilogramu.
(b) Uzito: kani ya uvutano inayokivuta kitu hicho. Hupimwa kwa nyutoni.
(c) Ujazo: nafasi ambayo kitu huichukua. Hupimwa kwa lita au kwa sentimita za ujazo.
(d) Densiti: tungamo lililomo katika kila kizio kimoja cha ujazo. Hupatikana kwa kugawa tungamo kwa ujazo.

Tuchukue mfano unaofaa shule ya Piyaya, wilayani Ngorongoro, ambako maziwa hayana ugeni kwa mtoto yeyote. Tuseme kibuyu kitupu kina gramu 800, na kikitiwa lita 2 za maziwa kinakuwa na gramu 2,860. Tungamo la maziwa ni 2,860 kutoa 800, yaani gramu 2,060. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,000. Basi densiti ni 2,060 kugawanya kwa 2,000, yaani gramu 1.03 kwa kila sentimita ya ujazo. Densiti ya maji ni takriban 1.00.

Hapo ndipo tafsiri mbaya inapoweza kumletea mfugaji hasara. Maziwa halisi ya ng'ombe huwa na densiti ya takriban 1.028 hadi 1.033 katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, na wanunuzi huipima kwa laktomita. Mfasiri akiandika katika waraka kwamba "maziwa yawe na uzito unaotakiwa", mfugaji ataelewa kuwa yanatakiwa maziwa mazito, yenye malai mengi. Kumbe malai yana densiti ndogo, ndiyo sababu huelea juu. Yakienguliwa, maziwa yanayobaki huwa mepesi machoni, lakini densiti yake hupanda. Maji yakiongezwa, densiti hushuka. Tena anayeuza kwa lita na anayeuza kwa kilo hawauzi kipimo kimoja: debe la lita 20 za maziwa hayo lina kilogramu 20.6.

Ushahidi mwingine umo katika wilaya hiyo hiyo. Lava ya mlima Oldoinyo Lengai hutiririka upesi kama mafuta, na mtazamaji angeiita nyepesi. Hata hivyo densiti yake yazidi maradufu ile ya maji. Mafuta ya kupikia nayo huonekana mazito kuliko maji, ilhali huelea juu yake.

Wako wanaopendelea neno "msongamano" mahali pa densiti. Neno hilo ni zuri na lina asili katika lugha yetu, ila limekwisha kuzoeleka kwa watu na magari. Kwa maoni yetu, lafaa liachiwe kazi hiyo, na fizikia ibaki na densiti.

Wanafunzi wengi wa Piyaya hujifunza Kiswahili baada ya Kimaasai. Mtoto wa namna hiyo hawezi kukisia ni uzito upi mwalimu anaoukusudia. Kwa hiyo twawashauri walimu na wafasiri wajiulize kwanza: je, kinachosemwa hapa ni kani, ni kiasi cha mata, ni utiririkaji, au ni mgawo wa tungamo kwa ujazo? Jibu likipatikana, istilahi nayo imepatikana.