Vita ya simu: Anayeuza nyingi siye anayechuma nyingi

Mwenye duka la simu katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hahitaji kusubiri takwimu za wataalamu wa Ulaya na Marekani ili ajue nani anaongoza soko. Anatazama rafu yake tu. Tecno, Infinix na Itel zimejaa kuanzia juu hadi chini, Samsung zimepangwa katikati, na iPhone, nyingi zikiwa zilizokwishatumika, zimefungiwa kabatini kwa kufuli. Kwa idadi ya maboksi, mshindi ni Mchina wa Shenzhen, kwani aina hizo tatu zinazojaza rafu ni za kampuni moja, Transsion.

Lakini idadi ya maboksi ni jambo moja, na fedha inayobaki baada ya kulipa vipuri, wafanyakazi, matangazo na kodi ni jambo jingine kabisa. Katika biashara ya simu za kisasa mambo hayo mawili yametengana kiasi kwamba mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayetazama moja bila kutazama la pili anaweza kuumia vibaya.

Kwa mujibu wa kampuni ya utafiti ya IDC, mwaka 2024 dunia nzima ilipokea simu za kisasa zipatazo bilioni 1.24. Apple ya Marekani ilipeleka sokoni simu milioni 232.1, sawa na asilimia 18.7. Samsung ya Korea Kusini ilifuata kwa milioni 223.4, Xiaomi ya China milioni 168.5, na Transsion ikashika nafasi ya nne kwa milioni 106.9, ikiipita Oppo kwa karibu milioni mbili tu. Kati ya Apple na Samsung tofauti haikufika simu milioni tisa. Ukisoma mezani hivyo, utasema hawa ni mafahali wanaolingana nguvu.

Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Kampuni nyingine ya utafiti, Counterpoint, ilipiga hesabu za robo ya pili ya mwaka 2021 na kukuta kuwa Apple iliuza asilimia 13 tu ya simu zote duniani. Kwa asilimia hizo 13 ilikusanya asilimia 40 ya mapato ya sekta yote, na asilimia 75 ya faida ya uendeshaji. Kwa maneno mengine, waliouza simu 87 kati ya kila 100 waligawana robo ya faida. Miaka miwili kabla, katika robo ya tatu ya 2019, Apple ilikuwa na asilimia 66 ya faida na Samsung asilimia 17. Wengine wote, pamoja na kelele zao za matangazo, walibaki wakigombea makombo.

Siri si kubwa. Apple haishindani kwa bei. Inauza simu ghali kwa wenye nazo, programu inayoendesha simu hiyo ni yake mwenyewe, na mteja akishanunua anaendelea kulipa kila mwezi: sehemu ya kuhifadhi picha, muziki, michezo, na kamisheni ya kila programu inayouzwa katika duka lake. Katika mwaka wa fedha wa 2024 huduma hizo ziliingiza zaidi ya Dola bilioni 96 za Marekani, na katika kila dola 100 za huduma ilibaki faida ghafi ya dola 74 hivi. Kwenye bidhaa zenyewe, yaani simu, kompyuta na kadhalika, ilibaki dola 37 katika kila 100. Hata mshindani wake Google humlipa: nyaraka za mahakamani Marekani zilionyesha kuwa mwaka 2022 Google iliilipa Apple Dola bilioni 20 ili mtambo wake wa kutafutia habari uwe ndio wa kwanza katika simu hizo. Hiyo ni fedha ambayo haina boksi, haina kontena wala ushuru wa bandarini.

Ndiyo maana mwishoni mwa 2018 Apple iliacha kabisa kutangaza idadi ya simu inazouza. Wadadisi wengi walinung'unika kwamba inaficha udhaifu, na walikuwa na sababu, maana mauzo ya China yalikuwa yanalegea. Januari 2, 2019, mkuu wa kampuni hiyo, Tim Cook, aliwaandikia wenye hisa kuwa mapato ya robo mwaka yangekuwa Dola bilioni 84 badala ya zile 89 hadi 93 zilizoahidiwa. Kesho yake hisa zilianguka kwa karibu asilimia 10. Aliyeuza siku ile kwa woga alikuja kujuta, kwani kampuni ilikwishahamishia sehemu ya tegemeo lake kwenye huduma.

Samsung ni mshindani wa aina yake. Inapigana na Apple dukani, huku kiwandani ikimuuzia vioo vya simu na chipu za kumbukumbu. iPhone ikiuzika sana, kuna kitengo cha Samsung kinachocheka. Mwaka 2016 simu yake ya Galaxy Note 7 ilipoanza kuwaka moto kwa sababu ya betri, kampuni ililazimika kuzikusanya na hatimaye kuiua aina hiyo yote Oktoba mwaka huo huo. Kampuni inayotegemea simu peke yake ingeyumba sana. Samsung ilikuwa na chipu za kuiegemeza, na mwaka uliofuata ilirudi na faida kubwa.

Wasiokuwa na mahali pa kuegemea ndio waliozikwa. Nani katika Afrika Mashariki asiyeikumbuka Nokia 1100, ile yenye tochi, ambayo duniani ziliuzwa takriban milioni 250? Mwaka 2007, wakati iPhone ya kwanza inaingia madukani Marekani, Nokia ya Finland ilikuwa inauza zaidi ya simu milioni 400 kwa mwaka, zaidi ya theluthi ya soko la dunia. Hakuna aliyekuwa na sehemu ya soko kubwa kuliko yeye. Miaka sita baadaye, Septemba 2013, ilitangaza kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu kwa Euro bilioni 5.44. Microsoft nayo ilipofika Julai 2015 ilifuta vitabuni Dola bilioni 7.6 na kupunguza wafanyakazi 7,800, wengi wao wa kitengo hicho hicho. BlackBerry iliacha kutengeneza simu zake mwaka 2016. HTC ya Taiwan iliiuzia Google sehemu ya mafundi wake mwaka 2017 kwa Dola bilioni 1.1. LG ya Korea ilifunga duka la simu mwaka 2021 baada ya hasara ya miaka karibu sita mfululizo iliyofikia kiasi cha Dola bilioni 4.5. Wote hao waliwahi kusifiwa kwa kupanda sokoni.

Turudi basi kwa Transsion, maana huyu ndiye anayewahusu zaidi wauzaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala.

Mwanzilishi wake, Zhu Zhaojiang, aliwahi kuiuzia simu kampuni ya Ningbo Bird katika nchi nyingi za nje, akaiona Afrika kabla wenzake hawajaiona. Tangu 2006 Tecno haikujisumbua na soko la nyumbani China, ambako vigogo walikuwa wanaumana. Ilikuja huku. Iliwasikiliza wateja: mtu mwenye laini mbili au tatu akapewa simu ya laini mbili au tatu, penye umeme wa mgawo ikaletwa betri inayokaa siku kadhaa, kamera ikarekebishwa ili sura nyeusi isitoke kama kivuli. Mwaka 2011 ikafungua kiwanda cha kuunganisha simu Ethiopia. Ikafungua vituo vya matengenezo vya Carlcare, na ikazipaka kuta za maduka rangi ya buluu toka mjini hadi vijijini. Bidhaa za bandia nazo zilikuwa zinabanwa: Kenya ilizima simu feki mwaka 2012 na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016, jambo ambalo bila shaka lilimnufaisha yeyote mwenye simu halali ya bei nafuu.

Mwaka 2018 Transsion iliuza simu zipatazo milioni 124, za kitochi na za kisasa kwa pamoja, na kwa takwimu ilizowapa wawekezaji ilishika karibu nusu ya soko la simu la Afrika. Faida halisi ya mwaka huo ilikuwa Yuan milioni 657 hivi. Gawanya mwenyewe: ni Yuan tano na kitu kwa simu moja, pungufu ya Dola moja ya Marekani. Mfalme wa Afrika alikuwa anabakiwa na bei ya soda mbili kwa kila boksi.

Septemba 30, 2019, kampuni iliingia katika Soko la Hisa la Shanghai, hisa moja ikiuzwa Yuan 35.15. Fedha za hisa, kuhama kwa wateja kutoka kitochi hadi simu za kisasa, na kupanda kwa Infinix vikabadili hesabu. Mwaka 2023 iliuza simu za aina zote milioni 194 na kupata faida halisi ya Yuan bilioni 5.5. Hapo kila simu iliacha kama Yuan 28, yaani Dola nne. Ilikuwa ni kupanda kwa zaidi ya mara tano katika miaka mitano, na waliokuwa na hisa walistahili kutabasamu.

Hata hivyo, Dola nne ni ukuta mwembamba. Xiaomi, Oppo na Honor zilipobanwa kwao China na India, zilianza kuitazama Afrika kwa jicho la njaa. Mwaka 2024 Qualcomm ya Marekani iliishitaki Transsion huko India kuhusu hataza zake, na mwenye faida nyembamba akianza kulipia hataza anahisi haraka. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 mauzo ya Transsion yalishuka kwa karibu asilimia 16. Faida halisi ilishuka kwa zaidi ya asilimia 55, hadi Yuan bilioni 1.2. Mauzo yalijikwaa, faida ikaanguka kifudifudi. Ndivyo inavyokuwa kwa yeyote anayeishi kwa faida ndogo: punguzo dogo la bei linakula sehemu kubwa ya kilichokuwa kibaki.

Xiaomi yenyewe haikuwahi kuficha mkakati wake. Mwaka 2018 mwenyekiti wake, Lei Jun, aliahidi kuwa faida halisi ya vifaa vyake haitazidi asilimia 5. Aliahidi hivyo kwa sababu fedha yake iko kwingine, kwenye matangazo na huduma zinazopita ndani ya simu. Mwaka 2024 faida ghafi ya simu zake ilikuwa asilimia 12.6, ilhali ya huduma za intaneti ilizidi asilimia 75. Wenye hisa walimwelewa polepole mno. Hisa zilizotolewa Hong Kong Julai 2018 kwa Dola 17 za huko zilikuwa chini ya 10 mwaka uliofuata, na ilipofika 2025, baada ya kampuni kuanza pia kuuza magari ya umeme, zilivuka 50. Mshindani wa namna hii ni wa hatari kwa Transsion, maana anaweza kuuza simu karibu na bei ya kiwanda na bado akala chakula cha jioni.

Mwekezaji mdogo wa Nairobi au Dar es Salaam hawezi kununua hisa za Transsion katika soko la kwao, lakini vita hii inamgusa. Mwenye hisa za Safaricom au Vodacom Tanzania hajali kama mteja amenunua Tecno au Redmi. Anachotaka ni mteja aache kitochi na aanze kununua bando. Bei za simu zikishuka kwa sababu watengenezaji wanaumizana, mitandao inafaidi bila kurusha ngumi hata moja. Safaricom ililifahamu hilo mapema: mwaka 2020, ikishirikiana na Google, ilianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ili mtu achukue simu na kulipa kila siku, na Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu ambacho ni mbia wake kilizinduliwa Athi River, na simu zake zikianzia Shilingi 7,499 za Kenya. Biashara ya kukopesha simu, kama wanavyofanya M-KOPA na wenzao, nayo imehamisha faida: mteja anayelipa kidogo kidogo kwa miezi mingi hulipa zaidi ya bei ya dukani, na ziada hiyo inakwenda kwa mkopeshaji. Mtengenezaji wa simu hagusi.

Na mwenye duka wa Mtaa wa Aggrey je? Yeye anabeba hatari ambayo haimo katika mizania ya Shenzhen. Tuseme amechukua simu 50 za Shilingi 300,000 kila moja, akitarajia faida ya 15,000 kwa simu. Amefunga Shilingi milioni 15 ili apate 750,000. Kabla hajamaliza, kampuni inaleta toleo jipya na kushusha la zamani kwa 30,000 ili imzibe Xiaomi njia. Simu 20 zilizobaki zinampa hasara ya 15,000 kila moja, laki tatu kwa jumla, na faida ya mzigo mzima inabaki 150,000, kabla ya kodi ya pango. Hii ndiyo sababu wazoefu wa mtaa huo huchukua mzigo mdogo mdogo, humuuliza wakala kama kuna fidia bei ikishushwa, na hutenga meza nzima ya mbele kwa kava, chaja na vioo vya kubandika, bidhaa ambazo hazipitwi na wakati upesi na ambazo hakuna mteja anayezijua bei ya kiwandani.