Dawa Zilizogeuka Amri

Mwaka 1998 ulitolewa Marekani mchezo wa Pokémon Red, wa kuchezwa katika Game Boy, mashine ndogo ya mkononi. Kila kitu mkobani mwa mchezaji kina namba. Kitu namba 93 hakikukusudiwa kuwapo. Hupatikana kwa hitilafu tu. Kikitumiwa, mashine hutafuta anwani ya maagizo ya kitu hicho, hupita mwisho wa orodha, na kuangukia penye kumbukumbu za wanyama wa mchezaji, ikazitii kama maagizo. Tusiilaumu. Kwake 62 yaweza kuwa idadi ya chupa za dawa, au amri ya kuchukua namba inayofuata. Hakuna alama ya kuzitenganisha. Mchezaji stadi huwapanga wanyama wake ili utekelezaji uhamie mkobani, na humo dawa zake 62 huwa amri katika programu aliyoitunga mwenyewe.