Katuni kuukuu: Jinsi karatasi ya senti 10 inavyogeuka kuwa mali

Na Mwandishi Wetu

NDUGU watatu wa jimbo la California nchini Marekani walikuwa wakisafisha nyumba ya marehemu mama yao mwaka 2024, walipokuta boksi kuukuu katika chumba cha darini. Chini ya rundo la magazeti ya zamani mlikuwa na vitabu vichache vya katuni, ambavyo mama huyo na kaka yake walivinunua katika miaka ya kuelekea Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kimoja kati ya vitabu hivyo kilikuwa toleo la kwanza la Superman, la mwaka 1939. Novemba 2025 kilipigwa mnada na kampuni ya Heritage ya mjini Dallas na kununuliwa kwa dola milioni 9.12 za Marekani. Kilipotoka dukani kiliuzwa senti 10.

Habari za namna hii huwafanya watu wengi wakimbilie darini na stoo kufukua maboksi. Wengi wao hurudi mikono mitupu, si kwa sababu hawakukuta vitabu, bali kwa sababu walichokikuta hakina thamani waliyoitarajia.

Swali ni hili: kwa nini kitabu kimoja cha katuni kiwe na thamani ya jumba la kifahari, na kingine cha umri ule ule kisitoshe kununua kikombe cha chai? Majibu yako katika mambo manne: uhaba, mhusika, hali ya kitabu na imani ya mnunuzi.

Uhaba haupimwi kwa umri

Vitabu vya katuni vya miaka ya 1930 na 1940 vilichapwa kwa mamia ya maelfu ya nakala, kwenye karatasi duni ya magazeti, ili visomwe na watoto kisha vitupwe. Ndivyo ilivyokuwa. Wakati wa vita, familia za Marekani zilihimizwa kukusanya karatasi chakavu kwa matumizi ya jeshi, na katuni nyingi zikaishia huko.

Mwaka 1954 yakaja mashambulizi ya daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, aliyeandika kwamba katuni zinaharibu watoto. Baraza la Seneti likafanya vikao kuchunguza jambo hilo, na wazazi wengi wakapata sababu nyingine ya kusafisha vyumba vya watoto wao.

Kwa hiyo kilichobaki ni kidogo. Kitabu kiitwacho Action Comics namba 1, cha Juni 1938, ambamo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, kinakadiriwa na wataalamu kuwa kimesalia nakala 100 hivi duniani. Mojawapo, iliyowahi kumilikiwa na mwigizaji Nicolas Cage, iliibwa nyumbani kwake mwaka 2000, ikapatikana mwaka 2011, na Januari 2026 ikauzwa kwa dola milioni 15.

Linganisha na X-Men namba 1 ya mwaka 1991. Kilichapwa kwa majalada matano tofauti na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 8, rekodi ambayo haijavunjwa. Wakati ule watu walinunua nakala tano, kumi, hata ishirini na kuzihifadhi kwa makini, wakiamini zingesomesha watoto wao. Leo nakala ya kawaida hupatikana kwa dola chache tu.

Sababu ni rahisi. Kitabu ambacho kila mtu amekitunza hakiwezi kuwa adimu. Soko hilo la kubahatisha liliporomoka katikati ya miaka ya 1990, maduka mengi ya katuni yakafungwa, na kampuni ya Marvel yenyewe ikaomba kinga ya mufilisi mwaka 1996.

Mhusika na toleo lake

Mtu anayewinda vitabu hivi kwa ajili ya kuviuza hatafuti kitabu cha zamani tu. Anatafuta toleo lenye tukio: mara nyingi lile ambalo mhusika maarufu anatokea kwa mara ya kwanza. Spider-Man alitokea katika Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, kilichouzwa senti 12. Nakala yake iliyo katika hali bora kabisa iliuzwa Septemba 2021 kwa dola milioni 3.6.

Wolverine alijitokeza kikamilifu katika The Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974. Toleo la 179 au la 183, yaliyochapwa na kampuni ile ile katika kipindi kile kile, hayafiki popote karibu na bei hiyo.

Yapo pia mambo madogo ambayo jicho la mgeni haliyaoni. Mwaka 1977 kampuni ya Marvel ilijaribu bei mpya katika baadhi ya miji, hivyo nakala chache za Star Wars namba 1 ziliandikwa senti 35 badala ya senti 30. Hadithi ni ile ile na picha ni zile zile, lakini tofauti hiyo ya senti tano kwenye jalada imezifanya nakala hizo kuwa ghali mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana wawindaji wazoefu hutembea na orodha ya namba kichwani. Hupita katika maduka ya mitumba, kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, na katika nyumba ambazo wenyewe huanika bidhaa kuukuu uani siku ya Jumamosi. Wenye mitaji mikubwa huhudhuria minada na maonyesho, likiwamo lile la San Diego lililoanza mwaka 1970. Mwaka huo huo wa 1970 Robert Overstreet alitoa kitabu chake cha kwanza cha mwongozo wa bei, ambacho hadi leo hutolewa kila mwaka.

Jinsi daraja linavyopangwa

Hapa ndipo penye fedha na ndipo penye ugomvi. Vitabu viwili vya toleo moja vinaweza kupishana bei mara mia kwa sababu ya hali yake tu.

Daraja hupangwa kwa kipimo kinachoanzia 0.5, yaani kitabu kilichochakaa mno, hadi 10.0, ambacho hakina dosari yoyote. Mkaguzi huanza na jalada: je, rangi inang'aa au imefifia kwa jua? Kisha hutazama mgongo wa kitabu, ambako kila kijistari cheupe cha mkunjo hupunguza alama. Huangalia pembe kama zimepinda, pini za chuma kama zina kutu, na karatasi za ndani kama bado ni nyeupe au zimegeuka rangi ya chai na kuanza kumeguka.

Baada ya hapo huhesabu kurasa, moja baada ya nyingine. Hatua hii hupuuzwa na wengi, nayo imewatoa watu machozi. Toleo lile la Wolverine la mwaka 1974 lilikuwa na stempu ndogo ya karatasi iliyochapwa ndani, na watoto walihimizwa kuikata na kuibandika katika kitabu maalumu. Walitii. Leo nakala yenye jalada zuri ajabu inaweza kuwa na tundu la mraba ndani, na thamani yake ikaanguka vibaya.

Zamani muuzaji ndiye aliyetaja daraja la bidhaa yake mwenyewe, na kila muuza samaki husifu samaki wake. Mwaka 2000 ilianza kampuni ya CGC, ambayo kazi yake ni kukagua kwa niaba ya pande zote mbili. Wakaguzi zaidi ya mmoja hutazama kitabu, hukubaliana daraja, kisha hukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu lenye lebo ya namba. Kuanzia hapo kitabu hakisomwi tena, maana kufungua kasha ni kufuta daraja lake.

Rangi ya lebo nayo ina lugha yake. Buluu ni kitabu cha kawaida. Njano ni chenye saini iliyotiwa mbele ya shahidi. Zambarau ni kilichofanyiwa ukarabati, kama kupakwa rangi mahali palipofifia au kupunguzwa kingo ili kionekane kipya. Mnunuzi mgeni huona kitabu kilichokarabatiwa kinapendeza. Mzoefu huona bei iliyoshuka.

Imani inapotikiswa

Jambo moja bado linabishaniwa: kunyoosha. Mtaalamu hukibana kitabu kwa joto na unyevu wa kiasi ili mikunjo isiyokata rangi ipotee, na daraja linaweza kupanda kutoka 9.2 hadi 9.6. Kampuni za ukaguzi hazihesabu jambo hilo kuwa ni ukarabati. Wapo wakusanyaji wanaosema ni udanganyifu uliohalalishwa. Wengine wanajibu kuwa nguo iliyopigwa pasi haijabadilishwa.

Lililo zito zaidi lilijulikana mwishoni mwa mwaka 2023. Ilibainika kwamba kulikuwa na mtu aliyepata njia ya kufungua makasha ya CGC, kuondoa kitabu cha daraja la juu, kuweka cha daraja la chini, na kuuza kasha lile kana kwamba halijaguswa. Kampuni hiyo ilitangaza orodha ya mamia ya vitabu vilivyotiliwa shaka na kubadili makasha yake.

Fundisho ni kwamba lebo haitoshi kuwa mbadala wa macho. Kabla ya kununua, linganisha kitabu kilichomo na picha yake ya awali kama ipo, kagua kingo za kasha kama zina nyufa, na mwogope muuzaji anayekataa kutoa picha za karibu.

Hesabu ya faida

Wengi hukosea katika hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: umenunua kitabu kwa dola 40. Ada ya ukaguzi pamoja na posta ya kwenda na kurudi ni dola 50. Miezi kadhaa baadaye unakiuza mtandaoni kwa dola 150. Soko la mtandao linakata ada ya dola 20 hivi, na kukisafirisha salama kunagharimu dola 15.

Jumla umetumia dola 125, na umebakiwa na 25. Hapo hujahesabu petroli, Jumamosi zako, wala vitabu vingine vitatu ulivyonunua siku ile ile ambavyo havijapata mnunuzi. Kwa Mmarekani kuna kodi pia: faida ya vitu vya kukusanywa vilivyokaa zaidi ya mwaka inaweza kutozwa na serikali kuu hadi asilimia 28.

Ndiyo maana wazoefu hawapeleki kila kitabu kukaguliwa. Hupeleka kile ambacho daraja likitoka vizuri litabadili bei kwa kiasi cha kuonekana. Vilivyobaki huuzwa kwa mafungu, kama mitumba.

Bei nazo hupanda na kushuka. Tetesi za filamu mpya hupaisha toleo fulani kwa wiki chache, kisha filamu ikitoka bei hurudi chini. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020 na 2021, soko lilipaa kwa kasi. Kuanzia 2022 likaanza kushuka, na walionunua kileleni wakaachwa na makasha yao.

Nani anafaidi?

Kuna swali ambalo hobi hii haiwezi kulikwepa. Mwaka 1977 mfanyabiashara kijana, Chuck Rozanski, aliitwa Denver kutazama vitabu vya mzee Edgar Church. Alikuta zaidi ya nakala 18,000, nyingi zikiwa kama zimetoka kiwandani jana, na akazipata kwa bei ndogo mno ikilinganishwa na thamani yake ya baadaye. Hadi leo kitabu kilichotoka katika mkusanyiko huo hulipiwa zaidi.

Kila mwindaji huota kupata nyumba ya namna hiyo. Lakini mbele ya boksi hilo mara nyingi amesimama mjane, au mtoto aliyefiwa, asiyejua anachouza. Wapo wanaosema ujuzi ni jasho na una malipo yake. Wapo pia wanaomweleza mwenye mali ukweli na kumpa sehemu ya haki, na hao ndio wanaoitwa tena jirani yake anapotaka kuuza.

Hata waasisi hawakufaidi. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman, waliuza haki zao mwaka 1938 kwa dola 130. Baada ya miaka mingi ya kesi na ufukara, ni mwaka 1975 tu kampuni ilipokubali kuwalipa posho ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi yao.

Kwa msomaji wa hapa kwetu, aliyekulia na jarida la Sani, au aliyewahi kusoma Joe lililoanza Nairobi mwaka 1973, somo liko karibu. Magazeti hayo nayo yalifungia maandazi na karanga. Kama kuna nakala iliyosalia nyumbani, iweke mahali pakavu, mbali na jua, ndani ya mfuko safi wenye ubao usio na asidi. Usiibandike gundi wala selotepu. Huenda isilete fedha, lakini kilichohifadhiwa ndicho pekee kinachoweza kusomwa kesho.

Na anayetaka kuingia katika biashara hii, ushauri wa wakongwe ni mmoja: nunua kitabu unachokipenda, ili bei ikianguka, angalau ubaki na hadithi ya kusoma.