Rufani Juu ya Mtu Aliyeachiliwa Katika Kesi ya Mauaji

Watu wengi wa Matembwe na pande zote za Njombe huuliza: Mtu aliyeshtakiwa kwa kuua, akiachiliwa na Mahakama Kuu kwa kuwa ushahidi haukutosha, je, shauri limekwisha? La. Ndugu za marehemu hawana ruhusa ya kukata rufani wenyewe. Bali Mkurugenzi wa Mashtaka aweza kuipeleka mbele ya Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, akitoa taarifa kabla ya siku 30 kupita. Lakini fahamuni: majaji hao huyapima maneno ya mashahidi yaliyokwisha kuandikwa. Tuhuma, hata ikiwa nzito namna gani, si ushahidi. Basi aliyeona na aseme mapema, asingoje kunena barazani kesi ikiisha kushindwa.